Nani anaandika jina la mukulima mu mashini?

Maneno ya mwenzetu mumoja, mwenye anafanya kazi ya programu, mbele ya vijana wa Butembo

 

Waliniomba niseme juu ya kazi yangu. Najua kuko wenye wanajiuliza: siye tuko na vita, barabara zimekufa, watu wanakimbia mashamba, halafu huyu anakuja kutueleza mambo ya mashini za Marekani? Muko na haki ya kuuliza. Lakini munipe dakika makumi mbili. Mwishoni mutaona kama hii habari inagusa kilo ya kakao ya papa yako na gunia ya kahawa ya mama yako kuliko vile munafikiri.

Kazi yangu ni kuunganisha programu. Kampuni moja iko na programu ya kuandika manunuzi, ingine iko na programu ya stoki, mununuzi wa ngambo eko na ya kwake. Hizi programu hazisikilizani, kila moja iko na luga yake. Mimi ninatengeneza ile ya katikati, yenye inabeba data kutoka huku na kupeleka kule, inatafsiri njiani. Siku hizi, moja ya fasi kwenye tunaombwa kupeleka data ni mu zile huduma za kufuata chakula tangu shamba mpaka sahani, zenye zinasimama juu ya kitu wanaita blokicheni.

Ulizo langu la leo ni fupi: mu ile safari ya data, nani anaandika jina la mukulima? Kalamu iko mu mukono wa nani?

Ilianza na epinari na maembe

Mwaka 2006, ku Marekani, watu walianza kugonjwa juu ya kula epinari mbichi. Mule mulikuwa mikrobi ya E. coli. Karibu watu 200 waligonjwa, 3 wakakufa. Serikali ikaambia inchi nzima: musikule tena epinari mbichi ya mu mifuko. Inchi nzima! Mwisho, uchunguzi ulifikia eneo moja tu la California. Lakini wakulima wengine wote, wenye hawakukuwa na kosa lolote, walikuwa wamekwisha kupoteza soko. Kwa nini? Juu kila mutu aliandika mu daftari yake mwenyewe, kwa namna yake, na hakuna mwenye aliweza kuona haraka muzigo ulipita wapi.

Miaka kumi kisha, ile kampuni ya maduka makubwa, Walmart, ikafanya jaribio. Mukubwa wake wa usalama wa chakula, Frank Yiannas, alishika pakiti moja ya maembe yaliyokatwa, akaambia timu yake: munitafutie haya maembe yalitoka shamba gani. Wakapiga simu, wakapekua karatasi. Ilichukua siku 6, saa 18 na dakika 26. Kisha wakarudia lile jaribio pamoja na IBM, habari za maembe ya Mexico zikiwa zimewekwa mu blokicheni. Jibu lilitoka mu sekunde 2.2.

Mwezi wa kumi 2018, IBM ikafungua ile huduma kwa kampuni zote zenye zinataka, ikaitwa IBM Food Trust. Carrefour ya Ufaransa nayo ikaingia. Na mbele kidogo, mwezi wa tisa wa mwaka ule ule, Walmart ilikuwa imeandikia wauzaji wake wa mboga za majani: mpaka mwisho wa mwezi wa tisa 2019, lazima muwe mumeingia ndani.

Musikie vizuri lile neno "lazima". Mununuzi mukubwa akisema ingia, unaingia ao unapoteza soko. Njo namna hivi vitu vinashuka pole pole: kutoka duka kubwa mpaka kiwanda, kutoka kiwanda mpaka mwenye kupeleka mazao inje, kutoka kwake mpaka ku koperative, na siku moja vinafika mu kijiji. Mu kijiji hakuna mwenye aliulizwa.

Sanduku ya makufuli tatu

Blokicheni ni nini? Muache kwanza hadisi za bitcoin na watu wenye wanatajirika usiku mumoja. Munajua AVEC za mama zetu mu kartie. Sanduku iko na makufuli 3, funguo zinashikwa na watu 3 tofauti, na hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Kwa nini vile? Juu hakuna mutu mumoja mwenye tunamuamini na sanduku nzima. Hatumutukani, tunamulinda, na tunajilinda.

Blokicheni ni hesabu ya namna ile, lakini ku mashini. Ni kitabu kimoja chenye kopi nyingi, na washiriki kadhaa wanashika kopi zao. Kila ukurasa uko na alama yenye inatokana na ukurasa wa mbele yake. Ukibadilisha tarakimu moja ya jana, alama za kurasa zote zenye zilifuata haziendani tena, na wenzako wanaona palepale. Food Trust ilijengwa juu ya programu moja inaitwa Hyperledger Fabric, yenye kode yake iko wazi. Haiko kama bitcoin kwenye kila mutu anaingia na jina la kujificha. Hapa unaingia kwa kukubaliwa, na jina la kampuni yako, na mwenye data njo anachagua nani ataona nini.

Mpaka hapa ni kizuri. Mimi siko hapa kwa kusema ile teknolojia ni mbaya. Inafanya vizuri kitu chenye inajua kufanya: inazuia watu kufuta ao kubadilisha maandiko kisirisiri. Matatizo iko mbele ya ile, ku mulango wa kuingilia. Na ku ule mulango njo kwenye mimi ninafanya kazi.

Konekta inafanya nini

Tuseme kuko koperative ya kakao. Mukulima anafika ku depo na mbegu mbichi. Zinapimwa ku mizani, ajenti anaandika jina, kilo, tarehe. Zile mbegu zinachanganywa na za wengine mu masanduku ya mbao, zinachachuka siku kama 5 ao 6, zinaanikwa, zinaingia mu gunia, gunia zinapanda mu gari.

Kila hatua pale ni tukio. Kwa kuandika matukio ya namna ile kuko luga moja ya dunia, inaitwa EPCIS, ya shirika la GS1, wale wenye kupanga namba za barkode. Kila tukio linapaswa kujibu maulizo manne: kitu gani, wapi, saa gani, na kwa sababu gani. Kitu kinapewa namba ya bidhaa na namba ya loti. Fasi inapewa namba ya tarakimu 13. Depo ni namba, kiwanda ni namba, duka ni namba.

Ile programu ya katikati, konekta, inafanya kazi ine.

Ya kwanza, inachota. Inasoma data ya koperative, yenye mara nyingi ni faili ya Excel tu, kila saa ao kila jioni.

Ya pili, inatafsiri. Ajenti aliandika "depo ya juu", konekta inapaswa kujua ile ni namba gani. Ajenti mumoja anaandika "kg", mwingine "kilo", mwingine anaandika hesabu ya gunia. Tena kuko saa: saa yetu ya hapa imetangulia saa ya kipimo ya dunia kwa masaa 2. Ukisahau kuandika ile tofauti, mashini itaonyesha gari ilifika mbele ya kuondoka. Musicheke, nilishaona.

Ya tatu, inafungua mulango. Koperative inapewa ufunguo wa siri. Konekta inaonyesha ule ufunguo, huduma inaipatia tokeni, ni kusema kibali cha muda mufupi, na kikiisha inaomba kingine. Mushike hili neno: ule ufunguo ni kama muhuri wa koperative. Mwenye anaushika anaweza kuandika kila kitu kwa jina lenu.

Ya ine, inatuma na inangojea jibu. Limekubaliwa ao limekataliwa. Rezo ikikatika, na kwetu inakatika, konekta nzuri inaweka ujumbe mu foleni na inatuma tena kisha. Kila ujumbe uko na namba yake ya pekee, kusudi gunia moja isihesabiwe mara mbili.

Pale ndani kuko kitu kimoja chenye ninataka muelewe sana. Ukiweka gunia 20 juu ya gari, unaweza kuzishusha, kila gunia inabaki ile ile. EPCIS iko na namna ya kuandika ile. Lakini ukichanganya mbegu za wakulima 30 mu sanduku moja ya kuchachusha, huwezi tena kuzitenganisha. Kwa ile kuko namna ingine ya kuandika: hivi vyote viliingia, na hii loti moja njo ilitoka. Njo maana, ukiona ku chokoleti ya Ulaya picha ya papa mumoja anacheka, na wanakuambia "kakao hii ni ya huyu", uanze kujiuliza. Mara nyingi ukweli ni: loti hii ilitoka kwa watu 30, na huyu ni mumoja wao, ao ni mwenye alikubali kupigwa picha.

Kile nilikiona mu data

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa ninaunganisha programu ya mununuzi mumoja. Jina lake sitalitaja, juu leo hatuko hapa kwa kesi ya mutu. Mununuzi wa ngambo alitaka kila mukulima awe na fasi ya shamba lake, namba za GPS. Mimi nikaandika sheria mu konekta: kama fasi ya GPS iko tupu, katalia. Nikajisikia mutu wa maana. Nilifikiri ninalinda ukweli.

Wiki ya kwanza data nyingi zilikataliwa. Wiki ya pili zote zikapita, alama ya kijani kila fasi. Wakubwa wakafurahi. Mimi nikafungua zile data, nikaona wakulima zaidi ya makumi ine wako na shamba moja. Namba zile zile, mpaka ku tarakimu ya mwisho. Nikapigia ajenti. Akaniambia bila kuficha: "Yaya, sistemu yenu inakatalia kama sijaza. Mashamba iko mbali, na kule kwingine hakuendeki. Nilisimama mbele ya depo, nikapiga poenti moja, nikaitia kwa wote. Sistemu ikaitika."

Nimukasirikie? Hakupewa moto, hakupewa siku za kutembea, hakupewa ulinzi. Alipewa kisanduku chenye lazima kijazwe. Mimi njo niliandika ile lazima. Nilimupa mutu chaguo mbili, kudanganya ao kutolipwa, na nikaita ile "ubora wa data".

Na ile uongo ilikwenda wapi? Mu kitabu chenye hakifutiki.

Njo neno langu kubwa la leo. Blokicheni inachunga kile kiliingia, lakini haijui kama ni kweli. Ukweli ukiingia, inauchunga. Uongo ukiingia, inauchunga vile vile, tena inauvalisha koti na kravati, mununuzi wa Paris anauamini kuliko karatasi.

Tulishapita hii njia

Siye watu wa Kivu hatupaswi kushangaa. Tulishaona etikete za madini. Mwaka 2010 Marekani ilitosha sheria ya Dodd-Frank, kifungu 1502, juu ya madini ya vita ya Kongo. Zikaja etikete za plastiki za iTSCi ku gunia za koltani na kasiterite, kusudi mununuzi ajue zinatoka fasi safi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mara nyingi mu ripoti zao juu ya madini ya fasi zingine yenye yanaingia mu gunia zenye etikete. Mwaka 2022 Global Witness ikatosha ripoti nzima juu ya ile. iTSCi walikataa yale madai. Lakini munajua wenyewe: kipande cha plastiki hakiulizi gunia inatoka wapi. Mutu mwenye anakifunga njo anajua.

Mufano mwingine ni kobalti yetu ya kusini. Mwezi wa kwanza 2019, Ford, LG Chem, Huayou, RCS Global na IBM walitangaza jaribio la kufuata kobalti ya Kongo kwa blokicheni, kutoka mugodi mpaka kiwanda cha LG Chem cha Korea ya Kusini, kisha Marekani. Teknolojia ilikuwa ile ile, Hyperledger Fabric. Walianza na mugodi gani? Mugodi wa kiwanda. Kule kuko mizani, kuko ordinatere, kuko mutu wa kuandika. Kreseri mwenye anashuka mu shimo na koleo walisema ataingia kisha.

Ninajua kwa nini, juu ni kazi yangu: konekta inaunganisha fasi kwenye tayari kuko programu. Kwenye hakuna, hakuna kitu cha kuunganisha. Kwa hiyo mukubwa anaonekana wa kwanza, mudogo anaonekana wa mwisho. Na siku soko itasema "chenye hakionekani hatununui", mudogo njo anatoka inje, na hakuna mwenye atasema alifukuzwa. Watasema tu data yake ilikosekana.

Ulaya inakuja na ramani

Ile siku iko njiani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria juu ya mazao yenye yanaharibu musitu. Ndani kuko kakao na kahawa. Mwenye anataka kuziuza kule atapaswa kuonyesha kama shamba halikutoka mu musitu uliokatwa kisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2020. Atapaswa pia kutoa fasi ya kila shamba, namba za GPS zenye tarakimu 6 kisha nukta. Shamba likipita hektare 4, lazima mupaka wake wote uchorwe. Likiwa dogo, poenti moja inatosha. Tarehe ya kuanza wamekwisha kuisogeza zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuomba zile namba.

Kulinda musitu ni kitu cha haki. Siye wa kwanza tunalia juu ya Virunga. Lakini muangalie mambo mawili.

La kwanza: ramani ya mashamba ya kakao ya Beni na Rwenzori, pamoja na majina na kilo, haiko data ya kawaida. Fasi kwenye watu wanauawa mu mashamba, kwenye kakao ya wenye walikimbia inavunwa na wengine, kujua nani eko na shamba wapi na anavuna ngapi ni kujua nani wa kufuata. Ile ramani inapita mu telefone ya ajenti, mu Excel ya depo, mu konekta yangu, mu mashini ya mwenye kupeleka inje. Blokicheni ku mwisho inaweza kuwa na makufuli 3. Lakini ile Excel haina hata moja, inatembea ku WhatsApp.

La pili: kakao ikivuka mupaka kwa njia ya panya, pale Kasindi na pembeni, ngambo inapata karatasi za Uganda. Mu kitabu cha dunia itasomwa: asili, Uganda. Jasho ni ya Mutwanga, jina ni ya wengine. Kama depo zetu ni ngumu kuliko za ngambo, kama kwetu wanaomba tarakimu 6 na hawaongezi hata faranga moja ku kilo, munafikiri mukulima atauzisha wapi?

Na kampuni ikifunga?

Kuko wenye wanasema: wacha wakubwa wapange, siye tutaingia tu. Muniruhusu niwaambie habari ya TradeLens. Maersk, kampuni kubwa sana ya meli, na IBM walifungua mwaka 2018 huduma ya blokicheni ya kufuata makontena ya dunia nzima. Mwezi wa kumi na moja 2022 wakatangaza wanafunga. Mwanzo wa 2023 ikazimwa. Hata wakubwa vile wanafunga. Kitabu hakifutiki, sawa, lakini mwenye nyumba anaweza kuzima taa.

Njo maana koperative yenye iko na data yake mu huduma ya mutu mwingine tu, bila kopi yake mwenyewe, imejenga juu ya kiwanja cha kukodi. Ukiandika matukio yako mu luga ya wote, ile EPCIS, na ukachunga kopi kwako, huduma moja ikifungwa unahamia ingine. Konekta inabadilishwa upande wa kutumia tu. Ukiandika mu luga ya kampuni moja peke, siku wanafunga unaanza zero, ao unalipa wenye wanasema wanaweza kukuhamisha.

Tunaomba nini, tunafanya nini

Sipendi mikutano yenye inaisha na malalamiko. Hivi njo vitu vyenye tunaweza kudai na kufanya, siye vijana, tangu juma hili.

Moja. Kila mukulima apewe bordero, ya karatasi ao ujumbe ku telefone, yenye maneno yale yale yenye yameingia mu mashini: jina, kilo, bei, fasi ya shamba, namba ya loti. Si muhutasari. Konekta yenye inaweza kutuma data mpaka Amerika inaweza kutuma ujumbe mumoja mpaka Mutwanga. Mukulima akiona kilo 48 na yeye alileta 62, atalalamika jioni ile ile, si kisha miaka miwili.

Mbili. Kosa liweze kusahihishwa. Watu wanasema "blokicheni haibadiliki, pole". Ile ni kisingizio. Ni kweli hatufuti, lakini EPCIS iko na namna ya kutangaza kama tukio fulani lilikosewa, na kuweka lenye kuwa sawa pembeni. Wote wanaona kosa na sahihisho. Mwenye anakuambia haiwezekani, hajui ao hataki.

Tatu. Mashini ikubali kusema "hatujui bado". Mimi niliondoa ile sheria yangu. Sasa fasi ya GPS inaweza kubaki tupu, lakini lazima ajenti achague sababu: hatujafika, hakuna usalama, mukulima alikataa. Mununuzi wa ngambo hakufurahi. Lakini sasa anasoma kitu cha kweli. Na kwa mara ya kwanza mu data yake kuliandikwa kama kuko mashamba kwenye watu hawawezi kufika juu ya vita.

Ine. Koperative ijue ufunguo wake uko mu mukono wa nani. Ufanye ulizo hili mu mukutano wa memba wote: nani anashika ufunguo wa kuandika kwa jina letu? Akiondoka kazini, tunaubadilisha namna gani? Kama jibu ni "mununuzi njo anaushika", basi mununuzi anajiandikia mwenyewe ushuhuda, na anaweka sahihi yenu chini.

Tano. Data ya mutu ni ya mutu. Inchi yetu iko na Kode ya Numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na ndani kuko kulinda data za watu. Tuisome. Mwenye anapiga poenti mu shamba la papa yako anapaswa kueleza ni kwa kazi gani, itaonwa na nani, na aombe ruhusa mu luga yenye papa anasikia. Kutia kidole ku karatasi ya Kifaransa yenye hakuisoma haiko ruhusa.

Na kwa wale wenu munasoma enformatike hapa Butembo: hii kazi iko. Haiombi kompyuta ya ajabu. Inaomba kujua Excel vizuri, kujua namna programu mbili zinaongea kwa intaneti, na kujua namna kakao inachachuka. Ile ya mwisho watu wa ngambo hawana, siye tuko nayo. Tusipoingia, watakuja watu wenye hawajawahi kuona mbegu ya kakao, na watatuandikia sheria zenye zinalazimisha ajenti kudanganya. Ninasema vile juu mimi mwenyewe niliiandika moja, na mimi ni mutoto wa hapa.

Mukitoka hapa, sitaki mukumbuke majina ya programu. Mukumbuke maulizo matatu tu, na muende nayo ku depo ya kwenu: Nani aliandika? Mukulima aliona kile kiliandikwa? Akikuta kosa, anasema kwa nani? Depo yenye inajibu yale matatu, hata kama iko na daftari na bic tu, iko mbele ya ile yenye iko na blokicheni na haijibu.

Sasa mulizo ni yenu, na yaya pale nyuma alishanyoosha mukono tangu zamani.